Nia, sababu, uwezo: je, kila hotuba ya vita ni hadaa?

"Shikamoo Profesa. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari huku Mbagala. Tulipofika Vita vya Kagera niliwasikilizisha wanafunzi wa kidato cha nne ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Darasa lilisisimka, wengine wakapiga makofi. Kisha binti mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, mbona hata Bush na Putin walisema wamechokozwa na hawana njia nyingine?' Nilibabaika. Nyumbani naishi na baba mkubwa, aliyekwenda vitani akiwa mgambo. Sauti ile ikisikika redioni huinuka akatoka nje, na usiku wake halali vizuri. Ndugu zangu wanasema ni uzee tu. Naomba unisaidie: hotuba hizi zote ni hadaa? Na kama si zote, mtu atazitofautishaje?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwanza umwambie binti yule, mbele ya wenzake, kwamba ameuliza swali ambalo wengi tunalifikia tukiwa watu wazima, tena baada ya vita kwisha.

Nadhani kilichokubabaisha si swali lenyewe. Umeona kwamba ukikiri kuwa hotuba ya Mwalimu imejengwa kama hotuba nyingine za vita, utakuwa umemvunjia heshima yeye na baba mkubwa. Ukikanusha, utakuwa umewadanganya watoto. Nikutoe wasiwasi: hotuba mbili zinaweza kufanana kwa umbo, moja ikawa ya kweli na nyingine ya uongo. Kufanana kwake si ushahidi wa lolote.

Zinafanana kwa sababu wasikilizaji ni walewale. Mama wa Tandika na mama wa Ohio wote wanataka kujua kwa nini mtoto wao apelekwe akafe. Hakuna kiongozi atakayepanda jukwaani aseme ameitamani ardhi ya jirani. Tarehe 1 Septemba 1939 Hitler aliliambia Bunge lake kwamba askari wa Poland ndio walioanza kufyatua risasi, ilhali majeshi yake yalikuwa yameshavuka mpaka alfajiri ile. Hata serikali ya Amin mwaka 1978 ilidai kwamba Watanzania ndio walioanza kuingia Uganda. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwa hiyo neno "tumechokozwa" peke yake halina uzito wowote mezani, la kuhukumu wala la kuokoa. Uzito unatoka kwingine.

Kuna dhana nyingine ambayo ni lazima niisahihishe, maana hata wanafunzi wangu wa chuo huja nayo. Wanadhani hotuba ndiyo inayoamua vita, kana kwamba kiongozi anawauliza wananchi na wananchi wanajibu kwa makofi. Mara nyingi uamuzi umeshapita. Kiongozi anapofika kwenye kipaza sauti, makamanda wameshapewa amri au wanajiandaa kupewa. Hotuba inawaandaa watu kubeba uamuzi huo: gharama zake, misiba yake, muda wake. Na inasemwa kwa masikio mengi kwa wakati mmoja, mengine yakiwa mbali sana na ukumbi.

Turudi 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na tarehe 30 yakalivamia kwa nguvu eneo lote la kaskazini mwa mto, yapata kilomita za mraba 1,800. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kuwa mpaka sasa ni mto Kagera. Siku za mwanzo wa mwezi huo daraja la Kyaka likalipuliwa. Katikati ya hayo, tarehe 2 Novemba, Mwalimu alizungumza hapa Dar es Salaam na Redio Tanzania ikayafikisha maneno yake nchi nzima.

Sikiliza tena yale matatu, safari hii ukijiuliza kila moja linamwendea nani. Sababu inauendea ulimwengu, hasa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwaka 1964, katika mkutano wa Cairo, wakuu wa nchi za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika azimio hilo. Aliyeitangaza Kagera kuwa yake alikuwa amelivunja. Uwezo unamwendea raia mwenye hofu, maana wakati ule Amin alikuwa na ndege za kivita na vifaru na sifa mbaya ya kutisha, na mtu wa Bukoba alihitaji kuambiwa kwamba hajaachwa. Nia inamwendea Amin mwenyewe, na pia wale waliokuwa wakiandaa usuluhishi. Katika hotuba ileile aliwaomba marafiki waache maneno ya suluhu. Leo ombi hilo linasikika kama ukaidi, lakini mantiki yake ni hii: suluhu inayoanza mvamizi akiwa bado amekalia ardhi humpa mvamizi kitu cha kujadiliana nacho, na aliyevamiwa hubaki akinunua kilicho chake.

Sasa uzito wenyewe. Muulize binti: ukimwondoa Mwalimu katika hadithi hii, nani mwingine anatuambia kwamba Kagera ilivamiwa? Aliyesema ni Amin mwenyewe, tena kwa majigambo. Walisema wakimbizi waliovuka mto na watoto mgongoni. Daraja lililolala majini lilionekana kwa macho. Msikilizaji wa 1978 hakulazimika kumwamini Rais kwa sababu tu ni Rais, wala hakuombwa aamini siri ambayo serikali pekee iliijua. Hapo ndipo hotuba ile ilipo imara, na hiyo ndiyo tofauti kubwa utakayoikuta ukiilinganisha na nyingine.

Lakini tusiishie kwenye sifa, mwalimu, maana wanafunzi wako watagundua. Katika maneno tunayoyakariri kila mwaka kuna mambo mawili hayamo.

La kwanza ni yaliyotangulia. Septemba 1972 wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka ardhi ya Tanzania kwenda kumpindua Amin, wakashindwa vibaya, na mwezi uliofuata nchi hizi mbili zikasaini makubaliano mjini Mogadishu ya kuyarudisha majeshi nyuma kutoka mpakani. Hilo halimpi Amin haki ya kuichukua Kagera miaka sita baadaye. Hata kidogo. Ila mwanafunzi anayeambiwa kwamba ugomvi ulianza Oktoba 1978, ghafla, kutoka hewani, amenyimwa sehemu ya historia yake. Hotuba za vita huchagua pa kuanzia hadithi, na mara zote huanzia siku ambayo msemaji hana deni.

La pili ni kubwa zaidi. Hotuba ilisema tutampiga. Haikusema mpaka wapi. Na aliyetajwa ni Amin, mtu mmoja, si Waganda. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na naupenda: uliwaacha Waganda wakiwa majirani, na Waganda waliokuwa wakiishi miongoni mwetu hawakugeuzwa adui. Hata hivyo, ukimfanya mtu mmoja kuwa ndiye adui, mto si mwisho tena, kwa sababu yeye haishi mtoni. Jirani akisogeza ukuta wake ndani ya kiwanja chako, una haki ya kuurudisha pale penye alama ya mipaka, na mtaa mzima utakusaidia. Ukiingia nyumbani kwake ukamtoa, hata kama ni mtu anayewatesa watoto wake, mtaa utataka maelezo mengine, si yale ya ukuta.

Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia mwisho wa Novemba 1978 Kagera ilikuwa imekombolewa kwa sehemu kubwa. Nyerere aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulaani uvamizi, haukulaani. Mwanzoni mwa 1979 majeshi yetu, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yakavuka mpaka. Masaka ikaanguka Februari, Kampala tarehe 11 Aprili, na kufikia mwanzoni mwa Juni yakawa yamefika mpaka wa Sudan. Njiani walikutana hata na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin.

Kwa awamu hiyo Mwalimu alikuja na hoja nyingine: kwamba vita vilikuwa viwili, kimoja cha Watanzania kujilinda na kingine cha Waganda kujikomboa. Katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria hawakuikubali. Walisema kanuni ya kutoingilia nchi nyingine imevunjwa.

Utaniuliza msimamo wangu, nami sitajificha. Naamini kuondoka kwa Amin kuliokoa maisha; makadirio ya waliouawa katika utawala wake mara nyingi hufikishwa 300,000. Lakini hotuba ya tarehe 2 Novemba haihalalishi safari ya Kampala. Inahalalisha kurudishwa kwa Kagera. Safari ya Kampala ilihitaji sababu zake yenyewe, zilizosemwa waziwazi kabla ya kuvuka, pamoja na jibu la swali gumu: akishaondoka, nani anashika nchi? Mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, uliofanyika Moshi Machi 1979, ulijaribu kulijibu wiki chache tu kabla Kampala haijaanguka. Yusuf Lule akawa rais kwa siku 68. Uganda ikaingia katika misukosuko, na kufikia 1981 ilikuwa vitani tena, wenyewe kwa wenyewe.

Na sisi tukalipa. Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Vita vilikuwa vimekula yapata dola milioni 500, jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mafuta yakapanda bei duniani, na miezi 18 ikapita watu wakiwa bado kwenye foleni ya sukari na sabuni. Yeyote aliyekuwa mtu mzima Kariakoo mwaka 1982 atakueleza vizuri kuliko mimi. Neno "uwezo tunao" lilikuwa kweli kwa uwanja wa vita. Kwa yaliyofuata, hesabu haikusomwa hadharani.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ni petu. Sasa hao wawili aliowataja binti.

Bush alihutubia mjini Cincinnati tarehe 7 Oktoba 2002, siku chache kabla Bunge la Marekani halijapiga kura ya kumpa mamlaka ya kutumia jeshi dhidi ya Iraq. Kiini cha hotuba ile kilikuwa hivi: hatuwezi kusubiri ushahidi wa mwisho, kwa maana ushahidi huo unaweza kutujia katika sura ya wingu la bomu la nyuklia. Itazame sentensi hiyo kwa makini, hata iandike ubaoni. Kwa kawaida anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Hapa kudai uthibitisho kunageuzwa kuwa hatari yenyewe, anayeuliza "uko wapi ushahidi?" anaonekana anataka watoto waungue. Hofu imeshika nafasi ya hoja, na inafanya kazi hata kwa watu werevu, kwa sababu hakuna mtu mwema anayetaka kubeba lawama ya kuchelewa.

Januari 2003 Bush akaongeza kwamba Saddam alikuwa ametafuta urani barani Afrika. Nchi iliyokusudiwa ilikuwa Niger. Tarehe 7 Machi mkuu wa shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, Mohamed ElBaradei, aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka za biashara hiyo hazikuwa halisi. Chini ya wiki mbili baadaye mabomu yakaanza kuanguka Baghdad. Mwaka 2004 wakaguzi waliotumwa na Marekani yenyewe waliripoti kwamba maghala ya silaha za maangamizi hayakuwepo. Kwa hiyo ukimwondoa msemaji katika hadithi ya Iraq, hadithi inaporomoka. Waliobaki kusema walikuwa wakisema kinyume, na walisema kabla, si baada.

Putin, tarehe 24 Februari 2022, alitumia njia mbili kwa pamoja. Alidai mauaji ya kimbari katika eneo la Donbas, mashariki mwa Ukraine, na akataja kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kile cha kujilinda. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika amri yake ya tarehe 16 Machi, ilisema haina ushahidi unaothibitisha dai hilo la mauaji ya kimbari, na ikaitaka Urusi isitishe mashambulizi. Njia ya pili ilikuwa jina: "operesheni maalumu ya kijeshi". Kisichoitwa vita hakidaiwi tangazo, idadi ya majeneza wala tarehe ya mwisho, na siku chache baadaye Urusi ikatunga sheria iliyowaweka hatarini kufungwa jela waliokiita vita. Siku tatu kabla ya uvamizi, Balozi Martin Kimani wa Kenya alilikumbusha Baraza la Usalama kwamba Waafrika hawakuichora mipaka yao, ila walikubaliana kuishi nayo kuliko kuifukua kwa damu. Ni kanuni ileile ya azimio la Cairo, aliyoivunja Amin. Mfanye mwanafunzi wako alione hilo: kanuni moja, miaka zaidi ya arobaini kati yake, na inampima kila mmoja, wetu na wao.

Sasa utampa nini binti ashike? Mimi ningempa maswali mawili tu. Kwanza, nani asiyemtegemea msemaji anathibitisha tukio? Pili, hotuba inasema vita vitakoma lini na wapi? La kwanza linapima sababu. La pili linapima kama sababu hiyo itavutwa hadi isikopaswa kufika. Hotuba ya Mwalimu inalijibu la kwanza vizuri sana na inalemewa na la pili. Ya Bush inashindwa la kwanza. Ya Putin inashindwa yote mawili. Usimlazimishe akubaliane nami kuhusu Kampala, mwache aipime.

Na muongezee swali la kiraia: nani ana haki ya kumuuliza kiongozi? Kwetu, Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutangaza vita, lakini inataka Bunge liitishwe ndani ya siku 14 tangu tangazo, lijadili na kufikiria kama litapitisha azimio la kumuunga mkono. Isomeni darasani. Watoto wengi hawajui kwamba mbunge wao ana kazi siku hiyo.

Kuhusu kufundisha, ushauri wangu ni usiwachezee tena kile kipande kifupi kinachozunguka kwenye simu peke yake. Kipande kile kinabeba makofi na kuacha maelezo. Tafuta hotuba ndefu, na magazeti ya Novemba 1978. Maktaba Kuu ya Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani ni mahali pa kuanzia, na ukifika ana kwa ana mkutubi atakusaidia zaidi kuliko mtandao. Kuna hatari moja: darasa likijifunza kufichua mbinu za maneno, wengine wataondoka wakiamini kwamba kila kiongozi ni mwongo, na kijana wa namna hiyo ni rahisi kudanganywa na yeyote anayejiita mkweli. Ndiyo maana nasisitiza waanze na Kagera, ambako sababu ilikuwa ya kweli, ndipo waende Iraq.

Nimemwacha baba mkubwa mwisho kwa sababu hapo mimi si mtaalamu, na sitaki uchukue maneno yangu badala ya daktari. Mzee anayeinuka na kutoka nje kila anaposikia sauti fulani, na halali usiku, huenda si uzee. Kumbukumbu za vita zinaweza kumrudia mtu miaka mingi baadaye kama vile jambo linatokea sasa, na sauti ni mlango wake mmojawapo. Si woga, si uchawi, na si kwamba anamchukia Mwalimu. Usimwulize maswali ya darasa lako, wala usimwalike shuleni aje kusimulia mpaka yeye mwenyewe aseme anataka. Julai 25, siku ya Mashujaa, redio zikianza, mwache achague kukaa au kutoka.

Mpeleke Muhimbili, idara ya afya ya akili, au Hospitali ya Jeshi Lugalo. Kama anashtuka usingizini akipiga kelele, anakunywa ili apate kulala, au ameanza kuzungumzia kufa, usingoje mwisho wa mwezi. Nendeni wiki hii. Akikataa, nenda wewe kwanza umweleze daktari unayoyaona nyumbani, uulize namna ya kumshawishi. Na ndugu zako wanaosema ni uzee, nenda nao.